Zamu ya Ijumaa

Florentine alikuwa amepiga magoti kando ya kisima cha chemchemi, mikono imezama kwenye maji baridi hadi viwiko, aliposikia mlio wa kwanza. Alidhani ni jiwe limeporomoka mlimani. Ukafuata wa pili, wa tatu, kisha mingi kwa pamoja, naye akajua si mawe. Alijilaza kifudifudi kwenye majani na kutazama chini, kule lilikokuwa birika la ng'ombe alilolijenga kwa mikono yake.

Kabla ya kusimulia alichokiona, inafaa niseme huyu Florentine alikuwa nani na kwa nini alikuwa mlimani juu ya kijiji cha Runingu asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa nane mwaka wa 2000, wakati watu wenye akili zao walikuwa wanaiogopa barabara ya kwenda huko.

Alikuwa mwanamke wa kwetu Nyamianda, mtaa wa Uvira, mjane wa miaka arobaini na minne, na kazi yake ilikuwa mabomba. Mume wake, André, alikuwa fundi wa maji hapa Uvira. Kwa miaka kumi na sita Florentine alimshikia tiyo, yaani mabomba, wakati yeye akikata na kukaza, na bila kuambiwa akajifunza kila kitu. Siku mji ulipoanguka, mwaka wa 1996, André alitoka nyumbani kwenda kufunga bomba kubwa lililokuwa limepasuka barabarani, maji yanaingia kwenye nyumba za watu. "Narudi sasa hivi," alisema. Hakurudi, wala hakuna aliyeuona mwili wake. Vita vya kwanza vikaisha, vya pili vikaanza, na mafundi karibu wote walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya ziwa. Florentine akafungua sanduku la vyombo vya mume wake. Mwezi wa kwanza watu walimcheka. Mwezi wa pili wakaanza kumtumia watoto wao: mama Noella, njoo, robine yetu haifungi, maji yanamwagika.

Mwaka ule wa 2000 paroko mmoja wa uwanda wa Ruzizi alimwita Runingu. Mvua zilikuwa zimekosa miaka miwili mfululizo. Majani ya milimani yalikauka mapema, na wafugaji wa Rurambo wakateremka na ng'ombe wao mapema kuliko desturi, wengi kwa mara moja. Maji ya pekee yaliyobaki bondeni yalikuwa ya mfereji waliouchimba wakulima kwa ajili ya nyanya na maharagwe yao. Ng'ombe wakiingia mferejini, kingo zinabomoka, maji yanapotea njiani, shamba la mwisho halipati kitu. Mwaka uliotangulia mkulima mmoja alikatwa panga begani na mfugaji mmoja akavunjwa mkono kwa rungu. Wote wawili walipona, lakini baada ya pale watu wenye bunduki walipita kila upande wakisema: tukubalini tuwalinde. Kila mtu alijua ulinzi wao ni wa namna gani.

Paroko alikuwa amepata tiyo na saruji. Alichokosa ni fundi atakayekubali kulala Runingu wiki sita. Florentine alikubali.

Kamati ya maji iliongozwa na Frédéric Nduwimana, mkulima wa nyanya mwenye miaka sitini, mrefu, mwenye sauti ndogo hata watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Wafugaji walimtuma Sévère, mtu wa Rurambo, mcheshi, ambaye hakuwahi kuvua kofia yake hata akibeba mawe. Siku ya kwanza wakulima walichimba upande mmoja wa mtaro na wafugaji upande wa pili, bila kusalimiana. Siku ya nne Sévère alimletea Frédéric maziwa. Siku ya kumi walikuwa wanagombana kuhusu mpira wa miguu, jambo ambalo Florentine alilichukua kuwa dalili njema.

Wakajenga kisima juu ya chemchemi, kwenye mguu wa mlima. Wakateremsha tiyo mita mia sita. Chini wakajenga tangi lenye robine nne za watu kuchotea, na pembeni yake birika refu la saruji ambalo ng'ombe hamsini wangeweza kunywea pamoja. Florentine alijivunia birika lile. Hakuwa ameona kubwa kama lile hata Uvira.

Likabaki swali moja. Maji yalikuwa mazuri lakini si mengi. Birika likijazwa, robine zinalegea na mashamba yanangoja.

"Kitu kinachotupiganisha si maji peke yake," alisema Frédéric. "Ni nani atangulie. Tupange zamu, halafu tuiandike, mutu asiseme hakujua."

Walipatana. Florentine akachukua rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupakwa mlango wa kanisa, akaandika kwenye ukuta wa tangi la chini, kwa herufi ndefu kama kiganja, ili mtu azisome akiwa barabarani: NG'OMBE – JUMANNE NA IJUMAA, SAA MBILI MPAKA SAA SITA. SIKU NYINGINE – MASHAMBA.

Sévère hakujua kusoma. "Sisi tuko wapi hapo?" aliuliza. Florentine akamshika kidole na kukiweka juu ya neno la kwanza. Sévère akalipapasa neno zima kwa furaha. "Kumbe tumetangulia!"

Wiki saba zikapita bila mtu kuinua panga. Paroko alileta wageni kuangalia. Florentine akarudi Nyamianda, lakini Ijumaa ile alikuwa amepanda tena kubadilisha mpira uliokuwa unavujisha maji kule juu. Ndiyo sababu alikuwa kisimani.

Sasa nirudi pale.

Kutoka juu aliona ng'ombe zaidi ya mia tatu wamekusanyika kulizunguka birika, kama kila Ijumaa. Watu waliokuwa wanawafyatulia wafugaji risasi walitoka pande tatu: mashamba ya mihogo, mwisho wa mfereji na barabara. Hawakukimbia. Walitembea kama watu waliokwishapima uwanja. Ng'ombe walijaribu kutoroka upande wa nne na upande wa nne ulikuwa birika lenyewe, ukuta wa saruji uliowafikia kifuani. Walilirukia, wakaanguka ndani, wengine wakawapanda juu. Florentine aliona kofia ya Sévère. Aliiona ikienda kulia, kisha kushoto, kisha ikasimama mbele ya ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe pana. Sévère aliinua mikono yote miwili, na kwa muda ilionekana kama anaongea nao. Kisha kofia ikawa chini na mikono haikuonekana tena.

Haikuchukua hata nusu saa. Waliwaswaga ng'ombe kuelekea mtoni Ruzizi, na vumbi likawafuata.

Florentine hakumbuki aliteremkaje. Anakumbuka kwamba magoti yake yalikuwa na damu na hakuhisi maumivu. Anakumbuka ukimya, na ndani ya ukimya sauti ya maji yanayoendelea kumwagika birikani kama kwamba hakuna kilichotokea. Ndani ya birika mlikuwa na ndama wawili waliokufa, na maji yalifurika yakiwa mekundu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye robine ya birika akaifunga, kwa sababu maji yalikuwa yanapotea. Kisha akaona ndala moja ya bluu kwenye tope, akaanza kuitafuta mwenzake. Aliitafuta kwa bidii kubwa. Alipita kando ya mtu wa kwanza aliyekufa, akapita wa pili, akiinama na kuangalia miguu yao, mpaka alipofika kwa mwanamke aliyelala karibu na robine za watu, jerikani ubavuni, ndala moja ya bluu mguuni. Alikuwa Concilie, dada mdogo wa Frédéric. Florentine akamvisha ile ya pili.

Waliokufa walikuwa sita: wafugaji watano, na Concilie.

Frédéric alitoka mferejini, tope mpaka kichwani. Alikuwa amelala humo muda wote, majani yamemfunika, hatua ishirini kutoka kwenye tangi. Alimtazama dada yake, akavua shati lake la tope akamfunika uso. Alipoongea, hakuongea juu ya Concilie.

"Walisoma," alisema.

"Walisoma nini, muzee?"

"Walifika mbele, kabla ng'ombe hazijafika. Mumoja akasimama hapa." Akaonyesha ukuta wa tangi. "Akaweka kidole kwa ukuta, akasoma na sauti. Jumanne na Ijumaa, saa mbili. Akaangalia saa yake. Akaambia wenzake: hawa watu wamepanga vizuri, hata kutafuta hatutafuti. Wakacheka. Halafu wakaenda kujificha."

Florentine aligeuka. Herufi zilikuwa pale, nyekundu, zimenyooka. Kwenye herufi ya J kulikuwa na alama ya tone lililochuruzika, alikumbuka alivyolifuta kwa kidole gumba siku ile na kujilaumu kwa uchafu. Alilisoma tangazo lake lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu asiyelijua. Lilikuwa limeeleza kila kitu: nani, wapi, siku gani, kuanzia saa ngapi na mpaka saa ngapi.

Alasiri, wakati watu wa Runingu wanachimba makaburi na wa Rurambo wanawabeba wao kwa machela kupanda mlima, Florentine alipanda tena kisimani peke yake. Hakumwambia mtu. Aliifunga vane, ile koki kubwa inayoruhusu maji kuingia kwenye tiyo, akachomoa mkono wake wa chuma ambao bila huo hakuna awezaye kuifungua, akautia kikapuni. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja tu, nalo lilionekana kuwa wazi kabisa: pasipo na maji hawatakusanyika, wasipokusanyika hawatauawa. Akapata nafasi kwenye lori la kanisa akarudi Uvira.

Nyumbani aliweka kikapu nyuma ya mlango na kulala. Sisi majirani tulidhani ana malaria. Ernestine, aliyekuwa anauza samaki wadogo wa sambaza mbele ya nyumba yake, alimpelekea uji na kumkuta amekaa kitandani akijikwangua rangi nyekundu iliyokwisha kutoka zamani kwenye kucha zake.

"Mama Noella, unaumwa wapi?"

"Minye mwenyewe niliandika mpaka na saa," alijibu Florentine. Ernestine hakuelewa, akaacha uji akaondoka.

Zikapita siku kumi hivyo.

Siku ya kumi na moja, kabla ya saa sita mchana, mwanamke mgeni aliuliza njia pale sokoni Nyamianda. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha kilio, miguu imejaa vumbi. Alikuwa anatafuta, alivyosema, nyumba ya mama wa maji. Ernestine akamleta.

Florentine alimtambua alipoingia. Alikuwa Émérance, mke wa Sévère. Wakati wa kazi aliwahi kuwaletea mafundi maziwa mara mbili tatu, na siku zote aliondoka haraka. Florentine akasimama wima, mgongo ukutani. Kwa siku kumi alikuwa amengojea mtu aje amwambie alichokuwa anajiambia mwenyewe. Afadhali mtu huyo awe huyu.

Lakini Émérance alimwamkia kwa heshima, mikono yote miwili. "Uko salama, mama Noella?"

"Niko, mama Dorine. Pole. Pole sana."

"Asante." Alikaa kwenye kiti alichopewa, akanywa kikombe kizima cha maji bila kupumua. Florentine akajaza kingine. Nacho akakimaliza. "Nimetembea siku mbili. Minye sikuja kulia kwako. Nimetumwa. Frédéric ananituma, na wanawake wa Rurambo wananituma. Maji imekata."

Florentine aligeuza macho kwenye mlango.

"Tangu siku ile hakuna hata tone," Émérance aliendelea. "Kwanza tulifikiri wamevunja tiyo. Frédéric akafuata tiyo yote na mikono yake, akasema iko muzima. Akapanda kule juu, akakuta kisima kimejaa, maji iko inamwagika kwa majani bure, haiingii kwa tiyo, na njia ya kule ni mawe, ng'ombe wala jerikani hazipiti. Anasema wale watu waliiba kile chuma cha kufungulia. Ng'ombe hawakuchukua zote. Zile zilikuwa nyuma njiani zilibaki, hamsini na kitu. Sasa ziko zinakufa. Tumezipeleka kwa mfereji, wakulima wakatufukuza, hata wao wanakunywa mulemule mwa mfereji na watoto wao wanahara. Shemeji yangu walimupiga na jembe. Basi nimekuja kukuomba: ututengenezee chuma kingine. Hatuna kitu cha kukulipa leo. Tutakuletea ndama ikizaliwa."

Alikiweka kikombe chini.

Florentine alikwenda nyuma ya mlango. Alirudi na kikapu, akatoa mkono wa vane na kuuweka mezani kati yao. Ulikuwa mzito, ulitoa mlio.

Émérance aliutazama bila kuelewa. Aliugusa. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayeamka, na akanyanyua macho.

"Kiko kwako?"

"Kiko kwangu."

"Nani alikileta hapa?"

"Ni minye. Nilifunga siku ileile. Nilifikiri..." Florentine akashindwa, akaanza upya. "Nilifikiri maji isipokuwepo, hawatapata kuwaua tena."

Émérance alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Ernestine, aliyekuwa mlangoni, anasema hajawahi kuona mtu aliyeshtuka namna ile, maana hakulia wala hakupiga kelele; alibaki tu akiangalia kile chuma kama kwamba kilikuwa nyoka.

"Wale hawakuja kunywa maji," alisema mwishowe. "Walikuja kutuua. Sisi ndio tunakunywa maji. Mume wangu walimuua kwa dakika moja. Weye umekaa hapa siku kumi na moja, ukatuua polepole, na chuma iko nyuma ya mulango."

Florentine alisikia maneno yale na kuona kwamba ni kweli, kila moja. Kwa siku zote zile alikuwa amelililia kosa lake la kwanza, na wakati analilia alikuwa ndani ya la pili. Hakuwa amelifikiria hata mara moja. Hakuwa amemfikiria ng'ombe mmoja, wala mtoto mmoja wa Runingu. Alikaa chini sakafuni.

"Simama," alisema Émérance. "Kama unataka kulia utalia kwa njia. Simama twende."

Waliondoka mchana uleule. Lori la unga lililokuwa linakwenda Sange kupitia Runingu liliwabeba juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alifungua kikapu, akauliza chuma hiki ni cha nini. "Cha maji," alijibu Émérance, na sauti yake ilimfanya yule askari akirudishe bila kudai kitu.

Walipofika Runingu, Florentine alipanda kisimani akaifungua vane jua likiwa bado juu. Tiyo ikakohoa, ikatema hewa na kutu, kisha ikaanza kuvuta. Aliposhuka, watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye robine, wanapiga vigelegele. Aliwapita akaenda moja kwa moja kwa Frédéric na kumwambia aliyefunga alikuwa nani.

Frédéric alikaa juu ya ukingo wa birika. "Siku kumi na moja," alisema kwa sauti yake ndogo. "Kila asubuhi niliwaambia watu ni wezi. Sasa niwaambie nini?"

"Uwaambie ni minye."

Akawaambia. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja, ambaye binti yake wa miaka mitatu alikuwa amelazwa kwa kuhara, akatema mate karibu na miguu ya Florentine. Mzee mmoja akasema fundi huyu arudishwe kwao Uvira leo hii, ameleta vifo mara mbili. Wengine wakaitikia. Florentine alikuwa tayari kwenda. Aliyejibu alikuwa Émérance, aliyekuwa amesimama na ng'ombe wake watatu, mbavu zao zinahesabika.

"Aende, halafu tiyo ikipasuka mutaita nani?" aliuliza. "Mutamuita yule aliyesoma ukuta?"

Frédéric akachukua panga, akaanza kuzikwangua zile herufi. Ilimchukua muda, rangi ilikuwa nzuri. Florentine akachukua nyundo akamsaidia.

Kesho yake asubuhi walikaa, watu wapatao ishirini, kuzungumza jinsi ya kuendelea. Wengine walitaka zamu zibaki lakini zisiandikwe. Wengine walitaka waombe askari wa kulinda birika, na hapo wote wakaangaliana na wazo likafa lenyewe. Florentine aliona aibu ya kutoa shauri lolote. Ndipo Émérance alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza.

"Birika hii nani alisema iwe moja?"

Watu wakamtazama Florentine.

"Ni minye," alisema. "Nilifikiri kubwa ni nzuri."

"Ng'ombe zetu hazikai pamoja hivyo. Hata siku moja. Kila nyumba iko na njia yake ya kuteremuka. Kumi hapa, ishirini kule. Zamani kila moja ilikunywa kwa kona yake ya kijito, chini ya miti, na wa upande huu hajui wa upande ule amekunywa saa ngapi. Ni nyinyi mulizikusanya."

"Sévère hakutuambia," alisema Frédéric.

"Sévère alifurahi tu kupata maji. Na mulimuuliza siku gani ng'ombe zinywe. Hamukuuliza zinatembeaje."

Florentine aliinuka. "Nionyeshe hizo njia," alisema.

Walizunguka mteremko siku mbili, Émérance mbele, Florentine nyuma na kamba ya kupimia. Émérance alijua kila njia kwa jina la nyumba inayoitumia. Alionyesha sehemu tano: moja nyuma ya mawe makubwa, moja ndani ya korongo, nyingine kwenye migomba iliyoachwa na watu waliokimbia. Hakuna hata moja iliyoonekana barabarani. Wakati mwingine alisimama ghafla katikati ya maelezo akafunga macho, na Florentine akaikunja kamba akingoja. Siku ya pili, kwenye korongo, Émérance alisema tu, "Hapa alipenda kulala mchana," kisha akaendelea kuhesabu hatua.

Birika kubwa walilivunja. Florentine alipiga nyundo ya kwanza na mikono ikafa ganzi mpaka mabegani. Saruji alikuwa ameichanganya vizuri mno. Frédéric na wenzake wakamalizia. Vipande vyake wakavitumia kama mawe ya msingi wa mabirika madogo, kila moja la kutosha ng'ombe wanane kwa wakati. Tiyo kuu ikagawanywa, na kila tawi likapata koki yake, na kila koki ikapata mama wawili wa kuitunza, mmoja wa Runingu na mmoja wa Rurambo. Frédéric alidai hivyo: wanawake, kwa sababu ndio wanaojua maji yamekwisha kabla ya mtu mwingine kujua. Saa za kunywesha zilibadilika kila wiki na zilipita mdomo kwa mdomo.

Wale watu wenye bunduki walirudi, mwezi wa kumi. Walikwenda kwenye tangi, wakazunguka, wakauliza birika liko wapi. Mtoto wa shule akawaonyesha mahali lilipokuwa. Walipata ng'ombe wanne waliokuwa wametangatanga, wakawachukua, wakampiga Frédéric mateke kwa hasira. Hakuna aliyekufa siku ile. Katika mwaka ule, siku ambayo walikuja na hakuna aliyekufa ilikuwa habari ya kusimuliwa hadi Uvira.

Émérance hakumwambia Florentine kwamba amemsamehe. Mimi nilimuuliza Florentine miaka mingi baadaye, naye akasema hakuwahi kumuuliza, kwa sababu aliogopa jibu, halafu kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Kuhusu yale maandishi, alisema bado kuna asubuhi anaamka akiyasoma yote mpaka mwisho kabla ya kufungua macho.

Siku maji yalipofika kwenye birika la tano, ng'ombe wa Émérance walikataa kunywa. Walinusa saruji mpya, wakarudi nyuma wakipiga miguu. Florentine akaogopa ameharibu tena kitu. Émérance aliivua kanga yake ya juu, akaichovya ndani ya maji, akampaka ng'ombe mkubwa puani na mdomoni, akimsemesha kwa lugha yao. Ng'ombe akalamba. Akasogea hatua moja, kisha nyingine, akainamisha kichwa.

"Inakunywa," alisema Florentine.

"Iko inakunywa," alisema Émérance, kanga inamchuruzika mkononi. Akawahesabu waliokuwa wanakuja njiani, kisha akageuka. "Kule kwa Geneviève, nyuma ya kilima, kuna ng'ombe saba na hakuna kitu. Tiyo imebaki?"

"Imebaki ya mita thelathini."

"Haifiki."

"Haifiki," Florentine alikubali. "Tukitokea upande wa migomba labda."

Wakaenda kupima.